Dada, hiyo hela ya Ijumaa usiitoe: hesabu mikono kwanza

Dada, usilipe. Nakuomba. Mambo ya viza, na kama ukirudi Dar utapata wateja, tutayaongea hela yako ikiwa bado iko mfukoni.

Umeandika kwamba wewe ni muuguzi huko Birmingham, mgongo ulikutesa kwa kuinua wagonjwa, ukasoma mbinu ya Alexander, ile ya kujifunza kuacha kukaza mwili unapokaa, unaposimama na unapotembea, ukapona kiasi cha kurudi zamu, na sasa unataka kuwa mwalimu wake. Hapo hongera, sina neno. Kilichoninyima usingizi ni ile aya yako ya pili, kuhusu kozi ya ualimu unayotaka kuilipia: wikiendi moja kwa mwezi, darasa la watu ishirini na kitu, mwalimu mmoja na msaidizi wake, yaliyobaki yote ni video, cheti baada ya mwaka, na hela ya kushika nafasi itoke kabla ya Ijumaa. Mimi niliuziwa hivyo hivyo, mpaka na hiyo tarehe ya mwisho ya kumtia mtu presha.

Mwenye kozi mwulize swali moja tu: kwa siku moja ya darasa, mikono ya mwalimu itakuwa juu yangu dakika ngapi? Asikupe idadi ya miezi wala ya video. Akupe dakika.

Wewe masomo umeyapitia, kwa hiyo unajua ninachosema. Umekaa kwenye kiti, mwalimu ameweka kiganja nyuma ya shingo, pale fuvu linapokalia uti wa mgongo. Anakwambia utasimama, lakini bado usisimame. Umesikia tu neno "simama", tayari shingo imekaza, kichwa kimevutwa nyuma, kiuno kimebana, pumzi umeishika. Wewe hujahisi chochote. Yeye ameshakihisi chote kwenye kiganja. Na ule mkono haukusukumi wala haukuinui, unakungoja uache ile haraka, na ukiiacha unajikuta umesimama bila kujua uzito umepotelea wapi. Sasa jiulize, yule mwalimu wako mkono ule aliupata wapi? Hakuupata kwenye video. Aliupata kwa kushikwa yeye, karibu kila siku, miaka. Kwa sababu bega la mwalimu likikaza, mkono wake unakaza, na anachopokea mwanafunzi ni huo ukakamavu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo ni wewe kushikwa, na kushika wengine kunakuja baadaye sana.

Huyo Alexander mwenyewe alizaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa mtu wa kughani mashairi jukwaani, sauti ikawa inamkauka. Alisimama mbele ya vioo mpaka akajiona anavyovuta kichwa nyuma na kunyonya hewa kila anapotaka kusema. Alihamia London mwaka 1904, akafundisha watu miaka na miaka, na alipoanza kuwafundisha walimu mwaka 1931 aliwapangia miaka 3. Yeye aliyeigundua hakuona njia fupi. Halafu mtu wa leo anakwambia wikiendi kumi na mbili zinatosha!

Sasa nikueleze ilivyokuwa kwangu. Wakati huo naendesha basi hapa London, akiba yangu ni ya zamu za usiku. Ukumbi umepangwa viti safu kwa safu. Mwalimu anapita, anakugusa shingo, anatikisa kichwa, huyo ameenda, kama mtu anayepita kwenye mstari wa kupeana mkono wa pole msibani. Siku nzima ya darasa, mkono wa anayejua ulinifikia kwa kitambo kidogo mno. Mchana tunaambiwa tujipange wawiliwawili tushikane. Fikiria hilo, dada: mimi sijui, mwenzangu hajui, kila mmoja anamfundisha mwenzake namna ya kukaza. Tukatoka pale tumejua kazi moja, kunyoosha watu. Inua kidevu, rudisha mabega, vuta mgongo. Hiyo si mbinu ya Alexander, ni amri za gwaride. Lakini tulikuwa tumelipa na hakuna aliyetuambia tofauti, tukaamini.

Nikapewa cheti kizuri chenye muhuri. Nikaanza kupokea watu jioni. Mama mmoja wa kwaya, mtu mpole, alikuja mara kadhaa, mwisho akaniambia taratibu: "Kaka, usinichukulie vibaya. Nikitoka kwako shingo inaniuma upande ambao haukuwa ukiuma." Nilimrudishia hela yake na nikafunga.

Nikaenda kwenye shule inayotambulika kuuliza kama watanipunguzia muda kwa sababu nilikwisha soma. Mkuu wa shule, mama wa makamo, hakukiangalia cheti. Aliniweka nyuma ya kiti akaniambia nishike ule ubao wa juu wa mgongo wa kiti, vidole vimenyooka, viganja havijabana, viwiko vimeachiwa. Basi, hilo tu. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili. Nilivyogusa ule ubao tu, bega la kulia likapanda, pumzi ikakatika, kidole gumba kikaganda. Akasema: saa zako za kule hatuzihesabu hata moja, na mtu usimguse mpaka nikwambie.

Ndipo nilipoelewa gharama yenyewe. Hela iliuma, ndiyo, lakini hela hutafutwa. Iliyouma zaidi ni kwamba mikono ilikuwa imeshafundishwa vibaya, na mkono uliofundishwa vibaya unachelewa kuliko mkono usiojua kitu. Wenzangu walioingia hawajui lolote walianza kuweka mikono juu ya watu huku mimi bado niko na mgongo wa kiti. Kila nikimkaribia mtu, mkono wenyewe ulitaka kumnyoosha. Kuuzuia huo mkono ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya nchi hii, na nimeendesha basi la usiku Desemba.

Aliyeniuzia bado anauza, na hilo linanichoma. Kwenye tangazo lake ameweka utafiti uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, mwaka 2008. Utafiti wenyewe ni wa kweli: watu 579 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na huduma ya kawaida walikuwa na siku 21 za maumivu ndani ya wiki 4, waliopata masomo 24 ya Alexander wakawa na siku 3. Jamaa anaipiga hiyo 3 kwa herufi kubwa. Asichosema ni kwamba masomo yale yalikuwa ya mwalimu mmoja na mgonjwa mmoja, na walimu walikuwa wamesajiliwa na STAT, chama cha walimu wa mbinu hii kilichoanzishwa 1958. Anauza jasho la watu waliosoma miaka mitatu kama ushahidi wa wikiendi zake! Nilipodai anirudishie hata sehemu ya hela, akanionyesha sahihi yangu kwenye fomu.

Na sheria haikusaidii, ujue hilo. Uingereza jina la mwalimu wa Alexander halina ulinzi wa kisheria. Mtu yeyote anaamka asubuhi anajiita hivyo, anafungua kozi, anagonga mihuri. Usajili ni wa hiari. Kwa hiyo wale watakaokwambia "cheti ni cheti", kama nilivyoambiwa mimi na watu niliowaamini, waulize cheti cha nani.

Kipimo cha STAT ambacho kimetumika miaka mingi ni hiki: saa 1,600, miaka isiyopungua 3, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi wasiozidi 5. Hiyo tano ndiyo muhimu kuliko zote. Miaka mitatu ya darasa la watu ishirini na mwalimu mmoja bado ni kupoteza muda. Watano kwa mmoja, kila siku ya darasa, hapo mikono inakufikia. Hesabu mikono, dada. Jengo, tovuti, picha za watu waliokaa wima wanatabasamu, achana nazo.

Uliuliza kama unaweza kusoma huku unafanya kazi. Shule nyingi darasa ni kama saa tatu kwa siku, siku nne au tano kwa wiki, kwa hiyo zamu za jioni zinawezekana. Utachoka, lakini kila siku utapata muda wa kulala chali, magoti juu, vitabu chini ya kichwa, na hapo ni darasani, hakuna atakayekwambia mvivu.

Mtakaokuja kusema "mbona yoga ni hivyo hivyo", karibuni, pangeni foleni hapo chini, ila shingo ziwe zimelegea kabla hamjaanza kuandika.

Wiki hii fanya hivi. Mwandikie yule mwalimu aliyekuponya mgongo umuulize alisomea wapi na nani alimshika. Kisha tafuta kwenye orodha ya chama shule unayoweza kuifikia kwa treni, piga simu, omba kukaa darasani siku moja. Shule inayojiamini inakubali, na mara nyingi watakuweka kwenye kiti nawe ushikwe. Ikikataa usirudi. Ukiwa pale kaa pembeni na saa yako: walimu wangapi, wanafunzi wangapi, kila mmoja kashikwa dakika ngapi. Ukipenda mikono ya mkuu wa shule, chukua masomo ya kawaida kwake miezi kadhaa kabla ya kujiandikisha, kwa sababu huyo ndiye utakayemrithi mikono. Niandikie hizo hesabu zako hapa hapa, Ijumaa niko zamu ya usiku na nitasoma kwenye mapumziko.