Geuza Sahani Utazame Chini

Swali lenu la wiki hii limenikuta na vumbi bado mikononi. Mmeuliza: mtu anayehama nyumba kubwa kwenda ndogo aanzie wapi kupunguza vitu, na je, kuna kitu alichokitoa akajuta? Mimi nimehama mwaka huu. Nilikuwa Majengo, hapa Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, nikaja Tudor kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Majengo nimekaa miaka 38.

Ushauri wa kupunguza vitu nimeusikia mwingi, na karibu wote huanza na swali moja: hiki unakihitaji? Kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni: hiki ni cha nani?

Nililijua hilo edani. Mume wangu alipofariki nilikaa eda mule mule nyumbani, miezi 4 na siku 10, na mwanamke aliye edani hatoki ila kwa dharura, kwa hivyo macho yake hushinda juu ya vitu. Watu walinijia kwa nia njema: nguo zake zitoe sadaka, mama, thawabu zimfikie, nawe upate nafasi. Binti yangu alikuwa keshaanza kuzikunja. Wifi yangu ndiye aliyemshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, hizi si za mamako peke yake."

Na kweli. Mtu akifa, alichokuwa nacho chote, hata kanzu, hata saa ya mkononi, kimeingia mirathi. Hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane, na mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane. Ningetoa zile kanzu kabla wanangu wote hawajaridhia, ningekuwa nimetoa sadaka mali ya watu. Tulimpigia mwanangu wa kiume aliye Nairobi. Aliomba kofia moja ya viua, ile aliyokuwa akiivaa babake siku za Idi. Zilizobaki wote wakaridhia zitoke, na zikatoka kwa siku moja, nami roho ikatulia.

Siku ya pili binti yangu alileta daftari, akazipiga kurasa mistari, safu tatu: vyangu, vya mirathi, vya watu. Tukaenda chumba kwa chumba. Nawaambieni, safu iliyojaa mwanzo ilikuwa ile ya tatu.

Nyumba yenye nafasi huwa ghala la mtaa mzima. Uani kwangu kulikuwa na masufuria manne ya shughuli pamoja na miko yake mirefu, ambayo sisi wanawake wa mtaa tulichanga pesa tukanunua zamani, tusiwe tunakodi kila panapokuwa na arusi au hitima. Yalikaa kwangu kwa sababu ua wangu ulikuwa mpana, ndiyo sababu pekee. Dalali mmoja alipoyaona alitaka kuyapima kwa kilo kama vyuma vikuukuu, na akanishangaa nilipomkatalia. Niliwaita wenzangu Ijumaa baada ya Alasiri, tukakaa barazani, wakaamua yaende nyumba ya tatu kutoka kwangu. Yaliondoka yakiwa yamesuguliwa kwa mchanga na ndimu mpaka yanang'aa.

Uvunguni mwa kitanda cha chumba cha wageni kulikuwa na sanduku la chuma la kijana wa shemeji yangu, aliyekwenda Ughaibuni mwaka 1999 akisema atarudi baada ya miaka miwili. Yuko huko mpaka leo, ana watoto. Tulimpigia kwa WhatsApp aonane na sanduku lake uso kwa uso. Lilipofunguliwa, mashati yalikuwa yameliwa na nondo na mkanda umekauka kama samaki ng'onda. Chini kabisa, ndani ya bahasha, palikuwa na vyeti vyake vya shule. Alinyamaza kwenye simu kwa muda. Kisha akasema, "Shangazi, vingine tupa. Hivyo vyeti niwekee." Kwa hivyo sanduku zima la futi tatu likabaki bahasha moja, na si mimi niliyeamua.

Lakini kilichonikalia moyoni zaidi ni sahani.

Wanawake wa Mombasa wanajua: ukipeleka vyombo vyako kwenye shughuli ya mwenzio, unavitia alama kwa chini, kwa rangi ya kucha, ili visipotee kati ya mia. Alama yangu ni mistari miwili myekundu. Nilitandika jamvi ukumbini, nikashusha sahani zote kabatini, nikakaa nazo, nikawa nageuza moja moja natazama chini. Kazi ya asubuhi nzima. Rangi ya kucha ikikaa miaka hupoteza ung'avu, huwa kama damu iliyokauka, lakini haibanduki. Nilipomaliza nilikuwa na rundo la sahani kumi na moja ambazo hazikuwa zangu. Moja ina herufi F. Mbili zina msalaba mdogo wa zambarau. Moja ina duara jeupe lisilokutana ncha. Hizo nimelia nazo chakula miaka, nimewapakulia wageni, na zilikuwa za watu.

Wenyewe wengi niliwajua. Ile ya herufi F nilivuka nayo feri hadi Likoni, nimeifunga kwenye leso. Mwenyewe amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Aliyenipokea ni bintiye. Aliigeuza, akatazama ile herufi, akasema mamake alikuwa akiandika F yake vile vile, mkia umepinda kushoto, hata kwenye daftari la chama. Hakuiweka jikoni. Aliiweka juu ya kabati la sebuleni, imeegemezwa ukutani. Nililiona siku ile: sikwenda kutoa sahani tu.

Sasa nije kwenye vyangu, ambavyo kusema kweli vilikuwa vyepesi baada ya hapo.

Mimi ni mshonaji, kwa hivyo nilikwenda Tudor na futi yangu kabla ya kuhamisha hata kijiko. Nilipima mlango, nikapima kona ya ngazi, nikapima kila ukuta, nikaandika. Nawasihi mfanye hivyo. Watu hupima chumba wakasahau mlango. Mlango wa chumba changu ni inchi 30, na kabati langu la mbambakofi lina kina cha inchi 26 lakini ni refu, na kwenye kona ya ngazi lisingegeuka. Dalali mwingine alijua kwamba ninahama mwisho wa mwezi, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia, basi akawa hapandishi bei, anangoja tarehe inibane. Usimtajie dalali siku unayohama. Mwisho nilimwita seremala, akalikata kabati mara mbili. Nusu ya chini ndiyo hii iliyo jikoni kwangu sasa, na nusu ya juu iko kwa binti yangu, ameitia vitabu vya wanawe. Mbao ile mchwa hawaigusi, ni dhambi kuiuza kwa bei ya kuni.

Samadari nilikuja nayo. Ni kitanda alichoninunulia mamangu nilipoolewa, na hicho hakikuwa na mjadala kwenye daftari. Kiling'olewa vipande vipande, hamali wawili wakakipandisha, na kimejaza chumba. Sina meza ya kando wala sina kiti humo. Nimechagua kitanda.

Leso zilikuwa jozi sitini na kitu, nyingine hazijakatwa wala kupindwa, bado zina wanga. Niliwaita wapwa zangu wachague kwa jina, si kwa rangi, kila mmoja asome kwa sauti anayoichukua, na ilikuwa mchana wa kicheko. Zile kuukuu zilizolainika sikuzitupa: mpwa wangu mmoja ana mimba ya miezi saba, na hakuna kitambaa cha kumfunika mtoto mchanga kishindacho leso iliyofuliwa miaka kumi. Nimebaki na jozi kumi na mbili.

Picha zilinitaabisha. Tulikuwa na zile albamu za kurasa za gundi zenye nailoni juu, na kwa joto na unyevu wa pwani picha zilikuwa zimeshikana na karatasi. Ukivuta, uso wa mtu unachanika. Nilichukua uzi mwembamba wa kushonea, nikaukunja mara mbili, nikaushika ncha mbili nikaupitisha nyuma ya picha polepole, huku na huku, kama anayekata kwa msumeno. Zikatoka nzima zote isipokuwa mbili. Binti yangu alizipiga kwa simu mlangoni, kwenye kivuli chenye mwanga, nami nikaandika majina nyuma kwa penseli. Kalamu ya wino huvuja ikapenya mbele. Albamu tano zimekuwa boksi moja la viatu. Lakini fanyeni mngali mnakumbuka majina. Zipo picha tatu za arusi ambazo aliyejua waliomo alikuwa mume wangu.

Misahafu iliyochakaa haiendi kwenye taka. Mwanangu aliifunga kwa kitambaa cheupe akaizika mahali safi. Mizima ilikwenda madrasa. Chini ya sinki nilikuta furushi la mifuko ya nailoni tuliyoficha tangu serikali ilipoipiga marufuku Agosti 2017, kana kwamba itarudi kuwa dhahabu. Kilichokuwa taka kweli kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, na hilo limenifurahisha, kwa sababu taka za Mombasa hazipotei, zinahamia jaa la Mwakirunge kwa wenzetu.

Kinu na mchi nilimpa mpwa wangu wa Mtwapa mwenye uwanja. Kwenye fleti huwezi kutwanga, dari yako ni sakafu ya mwenzio na sakafu yako ni dari ya mwenzio. Hilo sijutii.

Ninachojuta ni mbuzi ya kukunia nazi. Nilisema, nazi siku hizi hukunwa sokoni kwa mashine, mbuzi ni kigogo cha kukalia tu, kitachukua nafasi. Nikaitoa pamoja na kinu. Wiki ya pili Tudor nilitaka kupika samaki wa kupaka, nikanunua nazi iliyokunwa Marikiti, na ilipofika nyumbani kwa jua lile tui lilikuwa lina uchachu. Mbuzi hukunjwa, jamani. Husimama nyuma ya mlango, haichukui hata nafasi ya ufagio. Nimenunua nyingine, lakini si ile iliyokuwa imeshika umbo langu kwa miaka ishirini.

Kwa hivyo jibu langu kwa anayeanza leo: chukua daftari, piga safu tatu, na uanze na vya watu. Anza mapema, maana wenyewe wako mbali na wengine hawapokei simu. Ukishavirudisha, utashangaa nyumba ilivyopungua kabla hujagusa hata kimoja chako.

Katika zile sahani kumi na moja, kumi zimefika kwao. Imebaki moja. Ni ya bati jeupe lenye ukingo wa buluu, imebanduka kidogo upande mmoja, na chini yake ina nukta tatu za kijani zilizopangwa kama mafiga. Nimeuliza Majengo yote, Mwembe Tayari, hata Kibokoni. Kama ni yako, au unakumbuka mamako akiweka alama hiyo, iko jikoni kwangu kwenye nusu ile ya kabati, rafu ya juu, peke yake. Mhariri anajua pa kunipata.

Msomaji, Tudor, Mombasa