Kabla hujaongeza stoki, jua mtaa wako unalipwa lini

Wengi wetu wenye maduka mauzo yakilala twakimbilia kuongeza mali, ati kastoma akiona shelfu zimejaa atanunua. Mie sikubali, angalau kwa hapa kwetu Lamu. Mtu hanunui kwa sababu hana pesa, basi, na hiyo pesa ina wakati wake wa kuingia mtaani, ukishaujua umemaliza nusu ya kazi.

Nimeuza dukani kwa ami yangu kwa mshahara, sasa nauza katika langu huku mtaa wa Langoni, rejareja tu, sukari mchele unga mafuta sabuni na vikorokoro. Wateja wangu wengi ni familia za wavuvi na watu wa mashua. Kaskazi ikivuma, kama Novemba hadi Machi, vyombo vinatoka, wageni wapo, pesa inazunguka. Kusi ikiingia bahari inachafuka na mvua za masika juu yake, wageni wamepungua, na mpaka huko Agosti watu wanaishi kwa kubana. Sasa wewe ukajaze duka mwezi wa tano kwa pesa ya kukopa? Sukari yenyewe msimu huo inashika unyevu inaganda, unga unaingia wadudu, na mwenye deni lake anakupigia simu kila asubuhi.

Wenye mishahara nao, walimu, wauguzi, watu wa kaunti, usiwahesabu kama zamani. Makato ya nyumba asilimia 1.5 yalikuja 2023, ya afya asilimia 2.75 yakafuata 2024, kwa hivyo yule aliyekuwa akibeba mchele kilo 10 mwisho wa mwezi sasa anabeba 5 halafu anarudi katikati ya mwezi kuchukua 2. Hajakuhama, amegawanya tu, cha muhimu akirudi akute mchele ule ule, akikosa ndo atazoea duka la jirani.

Mtu atasema basi nunua kidogo kidogo. Haya, lakini mzigo wetu watoka Mombasa kwa lori mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, unashushwa, unapakiwa chomboni, ukifika gatini unataka mkokoteni au punda maana lori haliingii mjini, na kila mkono unaogusa lile gunia wataka chake. VAT ya petroli na dizeli ilipopanda 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16, lori na boti zote zatumia mafuta, wewe fikiria mwenyewe. Ninachofanya ni kuungana na wenye maduka wawili watatu tunaoaminiana, sabuni, mafuta ya kupika na mchele tunaagiza mzigo mmoja tunagawana nauli. Mkate na mayai kila mtu ajichukulie kila siku hapa hapa, hivyo havingoji.

Halafu robo. Wakati mgumu watu hununua robo, sukari robo, mchele robo, mafuta ya kupima, na hapo ndipo duka linapona au linapovuja. Gunia la sukari kilo 50 latoa robo 200. Ukipima kwa jicho, ukazidisha gramu 5 tu kila robo, kilo nzima imekwenda na hakuna aliyekuibia, na karatasi ya kaki nayo uinunue tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017. Mie hupima jioni duka likiwa kimya, natenga mizani mahali pasipo na upepo wa feni (feni inasukuma ile sahani, jaribu uone), nafunga napanga, asubuhi watoto wakija na sarafu mkononi nawapa wanakwenda. Lakini pia usipunje. Mtaa huu kila nyumba ina mtu anayejua robo ikoje mkononi, na habari zafika msikitini kabla yako.

Deni hulikwepi, anayeandika HAKUNA MKOPO mlangoni hapa kwetu atauzia paka. Liwekee mipaka tu. Mama akija akasema, "Mwanangu niandikie, babake watoto yuko baharini," namjibu, "Sawa mama, chukua unga na mafuta, soda tuiwache mpaka arudi." Hakasiriki, ajua nina haki. Naandika mbele yake, mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ya kulipa naifunga na siku ya chombo kurudi, si na tarehe. Tena omba ulipwe taslimu. Siku hizi wengi wana Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, pesa ikiingia kwenye simu inakatwa kwanza deni la Fuliza, wewe mwenye duka wabaki unatazamana na mteja ambaye kweli alilipwa na kweli hana kitu.

Kama umeajiriwa dukani, bosi akilia mauzo yameshuka mwambie vitu gani wateja wameulizia wakakosa, andika hata nyuma ya kartoni. Ndiyo habari asiyoipata akiwa hayupo, na akianza kupunguza watu atafikiria mara mbili kukuondoa wewe.

Ramadhani ndiyo pekee ninayojaza duka bila wasiwasi. Inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ile miaka ilipoangukia katikati ya kusi watu walifuturu kwa kubana, miaka hii imekuja Februari na Machi, kaskazi bado, wavuvi wana chochote mfukoni. Oda ya tende, tambi, sukari na unga wa ngano ifike Mokowe mapema ndani ya Shaaban, ukichelewa kila mtu anagombania boti ile ile na nauli yapanda. Tambi zikibaki zitauzika baada ya Idi. Tende usichukue kartoni za ziada hata mtu wa jumla akikupa kwa mali kauli, uza kwanza ulipe baadaye, maana Shawwal ikishaandama hakuna anayeziulizia na yeye atataka pesa yake.