Jibu: Kwa nini wanachama wapya wa klabu hawakai

Dada wa Mbale, salaam. Umeandika kwamba klabu yenu ya Rotary, hiki chama chetu cha kujitolea kwa jamii, iliapisha watu kumi na mmoja mwaka jana, leo wamebaki wanne, na rais wa klabu yenu anasema watu wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Niruhusu nijibu kwa kirefu, maana mimi nilikuwa mmoja wa hao wasio na moyo. Niliingia, nikatoroka, nikarudishwa, na huu ni mwaka wa tatu ndiye ninayepokea wageni kwenye klabu yetu huku upande wa Tororo.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Kutwa nashinda na madereva wa malori, makaratasi na Kiswahili. Aliyenialika alikuwa mteja wangu, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliniambia tu, "Njoo Alhamisi, tunakunywa chai na kupanga kazi za jamii." Nikavaa shati la kola nikaenda.

Mzee mwenyewe siku hiyo alikuwa Kampala na hakukumbuka kunipigia. Nikakuta watu kama ishirini kwenye ukumbi wa nyuma wa hoteli, wamesimama vikundi vikundi wanacheka. Sitasema walinidharau. Kila mmoja alinipa mkono, "karibu sana, ssebo," yaani bwana, kisha akarudi kwenye kicheko chake. Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Mama mmoja akanijia kwa upole akasema hicho ni kiti cha sajenti, yule anayesimamia utaratibu wa mkutano na kutoza faini. Nikahama. Cha pili kilikuwa na mkoba wa mtu. Cha tatu kilikuwa nyuma ya nguzo, nikashukuru.

Kengele ikagongwa, tukasimama, tukaimba wimbo wa taifa. Huo naujua. Halafu wakaanza kukariri kwa pamoja yale maswali manne ya Rotary ya kujipima: je, ni kweli, je, ni haki kwa wote wanaohusika, na kuendelea. Mimi nachezesha midomo kama mtoto aliyeingia darasa lisilo lake. Tulipokaa tu, simu yangu ikalia. Dereva amekwama kwenye mizani. Sajenti akanyanyuka, ukumbi ukalipuka kwa kicheko: faini, shilingi 5,000!

Wewe na mimi leo tunajua kwamba faini za feloshipu, yaani za mkutano wetu wa kila wiki, ni mchezo. Pesa inaingia kwenye mfuko wa hisani, na wazee wetu wengine husononeka wasipotozwa. Lakini mimi sikujua. Mfukoni nilikuwa na 7,000, ndiyo nauli yangu, na pesa ya kwenye simu ilikuwa haitoki kwa sababu mtandao ulikuwa chini. Nikatoa hiyo 5,000 huku nacheka na wenzangu. Usiku ule nilisimama barabarani hadi dereva ninayemfahamu akanipakia juu ya mifuko ya saruji hadi Malaba.

Nimekusimulia haya kwa sababu ukiniuliza kinachowaondoa watu, nitakujibu kwa neno moja: aibu. Huo moyo anaousema rais wenu sijauona ukipungua. Waite watu kuzibua mtaro au kusafisha kisima, watakuja hata wasio wanachama. Kinachomshinda mtu ni kukaa ndani ya chumba ambacho kila mtu anajua kitu asichokijua yeye.

Kinachonishangaza ni kwamba Rotary yenyewe ilizaliwa na upweke. Paul Harris alikuwa wakili, kalelewa katika kijiji cha Vermont ambako watu wanajuana, akaja kutafuta maisha Chicago akajikuta hana rafiki. Tarehe 23 Februari 1905 akakutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao, na jina la Rotary likatokana na kule kuzunguka, leo ofisi ya huyu, kesho ya yule. Miradi mikubwa ilifuata baadaye. Hata nyimbo zilianza kwa sababu ya kuchangamshana, aliyezianzisha akiwa mwenye kiwanda cha uchapaji, Harry Ruggles. Sasa jambo lililoanzishwa na mtu mpweke sisi tunalitumia kumkalisha mtu nyuma ya nguzo!

Huku kwetu somo hili tunalo hata bila Chicago. Ukifika penye chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija, kabla hujaulizwa jina umeshasogezewa kiti na kupewa mrija. Mimi ni Mwislamu, pombe siigusi, lakini nimepita penye vyungu hivyo mara nyingi na sijawahi kuachwa nimesimama. Mrija wataurudisha, watanitafutia soda, na kiti changu kitabaki.

Basi nilivumilia. Baada ya miezi mitatu nikaapishwa, rais akanibandika pini, picha zikapigwa. Hapo ndipo aibu ya pili ilipoanza, nayo ni ya pesa. Hakuna aliyekuwa ameniambia gharama. Kuna ada ya klabu. Kuna ada ya Rotary ya kimataifa, inayolipwa kila nusu mwaka na inahesabiwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka unaumia. Kuna sahani ya chakula ya kila wiki, fulana za miradi, mkutano mkuu wa distrikti, yaani klabu zote za eneo letu, michango ya harusi na misiba ya wanachama. Kila kimoja peke yake kinabebeka. Lakini vilinijia kimoja kimoja, ukumbini, mbele za watu, na mtu mzima hawezi kunyoosha mkono aseme sina. Nikaanza kusema niko safarini. Baada ya miezi sita nilikuwa sipokei simu za mweka hazina.

Ndiyo maana hilo swali la kwanza, je, ni kweli, siku hizi linanichoma. Tunalikariri kila wiki, halafu tunamwalika mtu kwa kumwambia tunakunywa chai tu.

Aliyenirudisha ni yule mama wa kiti cha sajenti, muuguzi mstaafu. Alikuja Malaba kwa boda, akaingia ofisini kwangu, akakaa. Nikajua amefuata deni. Akafungua bahasha akatoa nyaraka. Kulikuwa na vitanda vya msaada kwa kituo cha afya, vimekwama forodha, hawajui pa kuanzia. Akasema, "Mwanangu, tulikuwa na mtu wa forodha ndani ya klabu, tukamwacha aondoke. Nisaidie." Neno la deni halikumtoka.

Nilihangaika na makaratasi yale karibu wiki mbili, msamaha wa kodi hauji kwa kupiga makofi. Siku vitanda viliposhushwa, nilikuwa chini ya lori napokea vyuma, sajenti yule yule upande wa pili, jasho linatutoka. Kumbe ni mtu mcheshi sana. Deni nikapangiwa kulilipa kidogo kidogo, faraghani.

Sasa tunafanya nini? Mgeni ana mwenyeji, na mwenyeji akisafiri anamkabidhi kwa mtu kwa jina. Mwenyeji anakaa naye bega kwa bega na sahani ya siku hiyo ni juu yake. Yale maswali manne tumeyachapa kwenye karatasi, iko juu ya kila kiti, hata wazee wanachungulia. Sajenti hagusi mgeni, wala mwanachama wa miezi mitatu ya mwanzo, mpaka mwenyewe aombe kutozwa. Na huwa wanaomba! Gharama tunazitaja ziara ya pili, kabla ya fomu, wawili watatu pembeni na karatasi ya mweka hazina mkononi. Mwalimu mmoja aliisoma akasema kwa mshahara wake hapana. Tukamshukuru. Hadi leo anakuja kwenye kazi za mikono kuliko baadhi yetu wenye pini.

Asipokuja Alhamisi, Ijumaa anapigiwa simu, na nimewakataza watu kuanza na "mbona". Mbona hukuja ni mashtaka. Tunasema tulikukosa jana, mihogo ilibaki.

Mikutano ya majumbani, yale makundi madogo, ndiyo dawa kubwa kuliko ukumbi wowote. Lakini angalia. Kwetu nyumba ya kwanza ilitoa chai na karanga, ya pili kuku, ya nne mbuzi mzima wa muchomo, nyama choma. Kijana anayepanga muzigo mmoja, kile chumba kidogo cha kupanga, na mke na mtoto akaanza kuhesabu zamu yake kama mtu anayehesabu siku za kesi. Tukakubaliana: chai, na kitu kimoja cha kutafuna, basi. Zamu yangu nilitandika mikeka uani, malori yanapita, tukala mandazi hadi saa nne usiku.

Kuhusu kumpa mtu mpya kazi, nakubaliana na walionitangulia kukujibu, ila msipitilize. Tulikuwa na kijana mpiga picha. Kila tukio, tupigie picha. Kila wiki, tutengenezee tangazo. Hakuna aliyewahi kumuuliza ana wazo gani kuhusu mradi. Akaondoka, na kosa hilo ni langu, maana ndiye niliyekuwa namtuma.

Mambo madogo: tangu 2016 klabu zinaruhusiwa kukutana mara mbili tu kwa mwezi, fikirieni hilo kama mna watu wanaofanya kazi kwa zamu. Ramadhani sogezeni saa, msiwape wafungaji kazi ya kutazama sambusa. Na historia ipunguzeni siku ya kwanza. Sisi tulikuwa hatuwezi kumwona mgeni bila kumtajia Sam Owori wa klabu ya Kampala, aliyeteuliwa kuongoza Rotary duniani mwaka 2018-19 na akafariki Julai 2017 kabla hajashika kiti. Ni fahari yetu, haki kabisa. Lakini mgeni bado anatafuta choo kiko wapi.

Kwa wale saba walioondoka, msiwatumie ujumbe wa jumla. Nendeni wawili wawili, msibebe daftari la madeni, na mkipata kitu cha kweli cha kuwaomba msaada, kibebeni hicho.

Mwezi ujao nina safari ya Mbale. Nipe siku na hoteli, lakini usiwaambie wenzako kwamba nakuja. Nitakaa kiti cha karibu na mlango.