Kwa Mchoraji Aliyepewa Kipindi cha Televisheni Akigeuze Hadithi ya Picha

Wachoraji chipukizi huniuliza mara kwa mara kama inafaa kukubali kazi ya kuchora hadithi ya picha inayotokana na kipindi cha televisheni, hasa tamthilia za kubuni za kisayansi zenye roketi, sayari za mbali na mitambo ambayo haijawahi kuundwa. Wanachohofia ni kwamba wahusika si wao, vyombo si vyao, na msomaji anazijua sura zote kabla hawajashika penseli. Nimeishi kwa kazi hiyo kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba uikubali, lakini usiifanye kama mtu anayenakili skrini. Mwenye kipindi ana kamera yake tayari. Anakulipa wewe kwa sababu yapo mambo ambayo kamera hiyo haikuyamudu, na kazi yako ya kwanza ni kuyatafuta.

Hayo niliyaelewa kwa kukaa na matoleo ya zamani ya TV Century 21, jarida la watoto lililoanzishwa Uingereza mwezi Januari 1965 na kupangwa kama gazeti la miaka 100 ijayo, kiasi kwamba toleo la kwanza liliandikwa tarehe 23 Januari 2065. Lilichapisha hadithi zilizotokana na vipindi vya vikaragosi vya Gerry na Sylvia Anderson, kama vile Fireball XL5, Stingray na baadaye Thunderbirds. Thunderbirds ilipigwa kwa filamu ya rangi, lakini Waingereza walioanza kuitazama Septemba 1965 waliiona kwa weusi na weupe, kwa kuwa ITV, mtandao wa televisheni uliokirusha, haukuanza kurusha matangazo ya rangi hadi Novemba 1969. Kwa hiyo mtoto aliyefungua kurasa za katikati za jarida alikutana na kitu ambacho televisheni ya sebuleni kwao haikuweza kumpa: Thunderbird 2, ndege ya kijani ya waokoaji wa kipindi hicho, ikishuka mbele ya moto wa rangi ya chungwa.

Frank Bellamy, aliyeanza kuchora hadithi ya Thunderbirds katika jarida hilo Januari 1966, alijua thamani ya nafasi hiyo. Ukizitazama kurasa zake kwa karibu, utaona kwamba hakukubali visanduku vya mraba vilivyopangwa kwa adabu. Kingo zake huvunjika kwa pembe kali pale mlipuko unapotokea, na vivuli vya nyuso amevijenga kwa nukta ndogo ndogo za wino, huku anga ya zambarau ikiwekwa nyuma ya chombo ili umbo lake lisomeke mara moja. Kisha tazama miguu. Vikaragosi vilining'inia kwenye nyuzi na havikuweza kutembea kwa namna ya kuaminika, ndiyo maana kwenye kipindi vilionyeshwa mara nyingi kuanzia kiunoni kwenda juu, au vikiwa vimeketishwa ndani ya vyombo. Bellamy aliwachora ndugu wa ukoo wa Tracy, waokoaji wa Thunderbirds, kama watu wa nyama na damu, wanaokimbia, wanaoparamia vifusi, wanaojirusha na kuanguka vibaya. Alimwacha kikaragosi studio, akamchora mtu ambaye kikaragosi alikuwa akimwigiza.

Tangu nilipoelewa hivyo, swali langu la kwanza kwa mwandishi wa tamthilia yoyote ni hili: ni matukio gani mliyafuta kwa kukosa fedha? Mara nyingi atakujibu kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, na orodha atakayokupa ndiyo akiba yako ya miezi mingi. Mji uliofurika ambao studio ingelazimika kuujenga ili wakati huohuo iuharibu, kwako ni wino na siku mbili za kazi.

Uhuru huo haukupi ruhusa ya kubahatisha vyombo. Picha utakazopewa na idara ya matangazo karibu zote hupigwa kutoka mbele, zikiwa na mwanga mzuri, na hazitakusaidia siku utakapotaka chombo kionekane kikiondoka. Omba kuingia studio, upige picha zako mwenyewe za nyuma, za chini na za milango ikiwa wazi, na usimamishe mtu kando ya kifaa ili upate kipimo. Mike Noble, aliyechora hadithi za Fireball XL5 na Zero-X katika jarida hilohilo, alikuwa na nidhamu hii: chombo chake hupinda na kuyumba, lakini hakibadiliki umbo kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Msomaji wa miaka 10 atakusamehe pua ya rubani, lakini injini zikipungua hata moja hatakusamehe.

Waigizaji halisi wana ugumu wao. Noble alikutana nao alipohamia Look-in, jarida lililoanza Januari 1971 likifuata vipindi vya ITV, ambako alichora hadithi za vipindi vya Timeslip na baadaye hata Robin of Sherwood. Usitie karatasi juu ya picha na kufuatisha mistari, kwani mwanga utatoka kulia katika kisanduku hiki na kushoto katika kile, na msomaji atahisi kasoro hata kama hataitaja. Jifunze uso huo mpaka uweze kuuchora ukiwa umeinama, ukiwa gizani, ukipiga kelele. Namna mtu anavyosimama humtambulisha haraka kuliko macho yake.

Tena usijifungie humo. Kabla ya Thunderbirds, Bellamy alikuwa amechora katika jarida la Eagle maisha ya Churchill, kisha hadithi ya Dan Dare, rubani wa anga za mbali, kisha Fraser of Africa. Hadithi hiyo ya mwisho ina fikra za kikoloni, nasi wa huku Afrika tuna haki ya kuisoma kwa jicho kali, lakini namna alivyojibana kwenye rangi za mchanga na majani makavu ni darasa kwa yeyote anayedhani kwamba rangi nyingi ndiyo ustadi. Baadaye alichora hadithi ya picha ya Garth katika gazeti la Daily Mirror tangu 1971 hadi alipofariki 1976, na hapo katikati akachora picha za kipindi cha Doctor Who kwa Radio Times, jarida la ratiba za vipindi. Martin Asbury, aliyeendelea kuichora Garth baada yake, alikuwa amechora The Six Million Dollar Man katika Look-in, na baadaye akawa mchoraji wa mpangilio wa picha za filamu, zikiwemo kadhaa za James Bond. Anayeweza kusimulia tukio kwa visanduku sita atahitajika na waongozaji.

Kuhusu mkataba nitasema kwa ufupi, ingawa ndipo wengi wanapoumia. Hadithi ni mali ya mwenye kipindi, na hilo halina mjadala, lakini karatasi uliyoichora ni jambo jingine: iandikwe wazi kwamba itarudi kwako baada ya kuchapwa. Dai jina lako au saini yako ionekane ukurasani. Wachapishaji wengi wa Uingereza wa enzi ile hawakuruhusu, na leo watafiti wanabahatisha nani alichora nini. Kisha uliza malipo yatakuwaje picha zikitumika nje ya jarida, kwenye fulana, mabango au hata kwenye kipindi chenyewe. Michoro ya Ron Embleton ilionyeshwa mwishoni mwa Captain Scarlet, kipindi kingine cha vikaragosi cha akina Anderson, tangu 1967, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba michoro ya karatasini haiwezi kurudi kwenye skrini.