Jibu: Kuuza kifaa chenye FreeBSD ndani yake, leseni isomwe faili kwa faili

Mkuu, swali lako lina vipande vitatu. Mnataka kuuza kifaa cha mtandao kinachoendeshwa na FreeBSD (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) mliyoibadilisha; mnauliza kama mnaruhusiwa kubaki na sosi yenu (msimbo wa programu) bila kuitoa; na mmeshtuka kukuta jina la AT&T ndani ya keneli, kiini cha mfumo. Mnaruhusiwa, na hofu ya AT&T itupeni. Kazi iliyobaki ni ya karani zaidi kuliko ya wakili. Wengi wanateleza kwa sababu wamesikia "FreeBSD ni leseni ya BSD" wakaridhika na hapo. Mfumo mzima hauna leseni moja. Leseni imeandikwa juu ya kila faili, na hapo ndipo pa kuisoma.

Tuanze na hilo jina lililowashtua. Endesheni hii mkiwa kwenye /usr/src:

grep -rl 'UNIX System Laboratories' sys/kern

Mtaona kern_exit.c, kern_fork.c na wenzao. Juu ya kila moja kuna maneno yanayosema kwamba faili yote, au sehemu yake, imetokana na kazi ambayo AT&T au USL (UNIX System Laboratories) waliipa leseni Chuo Kikuu cha California, na kwamba inatolewa kwa ruhusa ya USL. Someni vizuri: hayo maneno ni ruhusa. Hayakatazi kitu. Yalitoka wapi?

Unix ilizaliwa Bell Labs mwaka 1969, wakati AT&T imefungwa na makubaliano ya mahakama ya 1956 yaliyoizuia kufanya biashara nje ya simu. Kwa hiyo vyuo vikuu vilipata sosi kwa ada ndogo, lakini kwa mkataba wa siri. Berkeley, kampasi ya Chuo Kikuu cha California, wakaanza kuongezea vitu vyao, wakawa wanatoa tepu kwa jina la BSD (Berkeley Software Distribution), na kila aliyetaka tepu hizo ilimlazimu awe na leseni ya AT&T kwanza. Baada ya AT&T kugawanywa mwaka 1984 ikawa huru kuuza Unix, na bei ya leseni ya sosi ikapanda. Kampuni zilizotaka TCP/IP peke yake ziliona hazina sababu ya kulipia Unix nzima, kwa kuwa msimbo ule wa mtandao haukutoka AT&T. Berkeley wakautenga na kuutoa Juni 1989 kama Networking Release 1. Tepu ilikuwa dola 1,000, na aliyeipata aliruhusiwa kumnakilia yeyote.

Keith Bostic akauliza: kwa nini tusitoe na vilivyobaki? Akawaomba watu wa nje waandike upya programu ndogondogo za Unix kwa kufuata maelezo ya matumizi yake tu, bila kuchungulia sosi ya AT&T. Yeye, Mike Karels na Kirk McKusick wakaipitia keneli faili kwa faili, wakaondoa kila kilichotoka 32/V, Unix ya AT&T. Zikabaki faili 6 ambazo hazikuondoleka kirahisi. Net/2 (Networking Release 2) ikatoka Juni 1991 bila hizo 6, Bill Jolitz akaziandika upya, na ndiyo 386BSD ya 1992. Kampuni ya BSDi nayo ikaanza kuuza mfumo wake kwa dola 995. USL, kampuni tanzu ya AT&T, ikaenda mahakamani.

Kilichoigeuza kesi kinawahusu ninyi moja kwa moja. Chuo Kikuu kilifungua kesi yake dhidi ya USL, kikidai kwamba System V (Unix ya kuuza ya AT&T) imejaa msimbo wa Berkeley ilhali matangazo ya hakimiliki ya Berkeley yamefutwa. Yaani mdai mwenyewe alikuwa amevunja sharti jepesi kuliko yote, la kumtaja mwandishi. Novell ilipoinunua USL wakapatana mwanzoni mwa 1994: katika faili kama 18,000 za Net/2, ziliondolewa 3, nyingine zikarekebishwa kidogo, na faili kama 70 zikawekewa tangazo la USL. Ndiyo hilo mlilolikuta. Matokeo yake ni 4.4BSD-Lite ya Juni 1994, na USL ilikubali kutomshtaki atakayejenga juu yake. FreeBSD 2.0 ya Novemba 1994 ilihamia kwenye msingi huo. Kwa hiyo tangazo la USL msilifute, na msilikimbie.

Sasa kazi yenyewe. Leseni ya BSD ina sura nne mtakazokutana nazo. Ya vifungu 2 inasema: ukisambaza sosi, bakiza tangazo la hakimiliki, masharti na kanusho la dhamana, ukisambaza binari (programu iliyokwisha kukompailiwa), hayo matatu yaonekane kwenye nyaraka au vitu vingine vinavyoambatana nayo. Ya vifungu 3 inaongeza kwamba usitumie jina la mwandishi kupigia debe bidhaa yako bila ruhusa. Ya vifungu 4 ndiyo ya zamani, ina sharti la matangazo: kila tangazo la biashara linalotaja uwezo wa programu hiyo liweke sentensi ya kumtambua mwandishi. Ya nne ni ISC, ile wanayoipenda OpenBSD, ndugu wa FreeBSD, ambayo ni kama ya vifungu 2 iliyofupishwa.

Sharti la matangazo lilisumbua kwa sababu kila mwandishi alinakili leseni ya Berkeley akabadilisha jina. Richard Stallman alihesabu sentensi 75 za aina hiyo kwenye NetBSD, ndugu mwingine, ya 1997. Chuo Kikuu kililifuta tarehe 22 Julai 1999, lakini kufuta huko kunahusu hakimiliki ya Chuo Kikuu pekee. Mtu mwingine aliyeandika leseni ya vifungu 4 kwa jina lake bado sharti lake linasimama mpaka alifute mwenyewe. Zitafuteni hivi:

grep -rl 'All advertising materials' .

Kila faili itakayotokea, angalieni jina la mwenye hakimiliki. Kama ni Regents (bodi ya Chuo Kikuu) wa California peke yao, kifungu hicho kimekufa. Kama ni mtu mwingine, ama muiache faili hiyo nje ya bidhaa, ama muiweke sentensi yake kwenye matangazo yenu. Na faili ya namna hiyo haichanganyiki na msimbo wa GPL (leseni ya GNU inayodai sosi itolewe), maana GPL hairuhusu masharti ya ziada.

Zinazofuata ni faili zisizo na leseni kabisa. Hizo ndizo hatari kuliko zote, kwa sababu ukimya katika hakimiliki maana yake ni "hapana":

grep -rLE 'Redistribution and use|SPDX-License-Identifier' sys

L kubwa inaleta faili ambazo maneno hayo hayamo. Nyingi zitakuwa Makefile, faili zinazozalishwa na programu nyingine, au faili za ISC zenye maneno tofauti. Zipitieni kwa macho. SPDX ni mstari mmoja unaotaja leseni kwa kifupi, kwa mfano BSD-2-Clause. Mkiona OR katikati ya leseni mbili, chagueni moja. Mkiona AND, zote mbili zinawabana. Watu wanazichanganya hizi mbili kila siku.

Angalizo kuhusu grep: leseni huandikwa ndani ya maoni yenye nyota mwanzoni mwa kila mstari, hivyo maneno marefu hukatwa katikati. Mkitafuta jina lote la GPL mtakosa faili kadhaa. Tafuteni kipande kifupi, mfano 'GNU General' na 'GPL-', kisha fungueni faili wenyewe.

Pia msihangaike na faili msizozitumia. Mti wa sosi ni mkubwa na kifaa chenu kinatumia sehemu ndogo. Jengeni keneli yenu, kisha ingieni kwenye saraka yake ndani ya /usr/obj, mwombe orodha ya faili zilizoguswa kweli:

cat .depend.* | tr ' \\' '\n\n' | grep '\.[ch]$' | sort -u

Hiyo ndiyo orodha ya kufanyia kazi. Faili za .S za assembly hazimo humo, ziongezeni kwa mkono. Moduli nazo zina saraka zake, msizisahau.

Sehemu tatu za mti zinahitaji jicho la pekee. Ya kwanza ni sys/cddl pamoja na OpenZFS (mfumo wa kuhifadhi faili) iliyo ndani ya sys/contrib. CDDL, leseni ya sehemu hizo, inahesabu faili kwa faili: mkisambaza binari ya ZFS, lazima mtoe sosi ya faili hizo za CDDL pamoja na mabadiliko yenu ndani yake, na mumwambie mnunuzi ataipata wapi. Faili mpya mliyoiandika wenyewe bila kunakili ya CDDL haiguswi. Kama kifaa ni ruta yenye flashi ndogo na hakihitaji ZFS, wekeni WITHOUT_CDDL=yes kwenye /etc/src.conf mjenge upya. Mtapoteza DTrace (chombo cha kuchunguza mfumo) pia, kwa hiyo ibakizeni kwenye toleo la majaribio na muiondoe kwenye la kuuza.

Ya pili ni fimwea za draiva, yaani programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kadi za kifaa. Hizo ni binari, na leseni zake kwa kawaida huruhusu kusambaza bila kubadilisha. Baadhi zinadai mkubali kwanza: draiva ya ipw ya kadi za zamani za Wi-Fi za Intel haitapakia fimwea mpaka muweke legal.intel_ipw.license_ack=1 kwenye /boot/loader.conf. Mtu huona Wi-Fi imekufa, akabadilisha antena na kebo, kumbe ni mstari mmoja wa leseni.

Ya tatu inawahusu wa ARM. Faili za kuelezea bodi, zile zinazokompailiwa kuwa dtb, zimetoka Linux na ziko sys/contrib/device-tree. Nyingine zina leseni mbili za kuchagua, nyingine ni GPL tupu. Zikiwa kwenye flashi ya kifaa, mmezisambaza. Bahati nzuri kutoa sosi ya faili chache za maandishi si mzigo, na haiambukizi keneli yenu. Mkichagua njia ya ahadi ya maandishi ya GPL toleo la 2, ahadi iwe hai kwa muda usiopungua miaka 3. Ni rahisi zaidi kuziweka sosi hizo palepale kwenye kifaa.

Programu za ziada kutoka kwenye hazina ya pkg (kisakinishi cha programu cha FreeBSD) ni kundi jingine kabisa, na huko GPL imejaa. Hii inatosha kuanza:

pkg query '%n-%v %L'

Maandishi yenyewe ya leseni hukaa /usr/local/share/licenses. Programu ambayo pkg haionyeshi leseni yake, fungueni sosi yake msome.

Baada ya hapo tengenezeni faili moja ya matangazo. Kosa la kawaida ni kubandika leseni ya BSD mara moja na jina moja la FreeBSD, mkadhani mmemaliza. Sharti linataka tangazo la hakimiliki la kila mwenye faili. Mnaweza kuunganisha: maandishi ya vifungu 2 yaandikwe mara moja, juu yake orodha ya majina yote na miaka yao; halafu ya vifungu 3 vivyo hivyo. Lakini linganisheni maneno kabla ya kuunganisha, maana wengine walibadilisha kidogo. Faili iwekwe kwenye kurasa za usimamizi wa kifaa, au kwenye kijitabu, popote mnunuzi anapofika bila kuomba. Mistari ya hakimiliki inayojitokeza keneli inapowaka, ile ya Regents yenye miaka kuanzia 1979, inatoka sys/sys/copyright.h. Ongezeni yenu hapo mkitaka, ila za watu muziache. Na yale maneno ya "haki zote zimehifadhiwa" yasiwachanganye. Ni masalia ya Mkataba wa Buenos Aires wa 1910, ruhusa iliyo chini yake ndiyo inayofanya kazi.

Mkibadilisha faili ya BSD, ongezeni mstari wenu wa hakimiliki, msiguse wa mwenzenu. Kuondoa kichwa chake na kuweka "siri ya kampuni" ni kosa lilelile la USL. Faili mpya ni yenu na leseni mnayoitaka. Ndiyo maana ni busara kuweka ujanja wenu kwenye faili zake na kuacha ndoano ndogo tu kwenye za FreeBSD. Hata kuhamia toleo jipya kunakuwa rahisi.

Msinakili msimbo wenye leseni inayofanana na BSD bila kusoma kila neno. IPFilter, programu ya ngome ya mtandao, ilikuwa ndani ya OpenBSD kwa miaka, leseni yake ikiruhusu kusambaza na kutumia. Neno la kubadilisha halikuwamo. Mwandishi aliposema wazi mwaka 2001 kwamba hakutoa ruhusa hiyo, ikang'olewa, na Daniel Hartmeier akaandika PF iliyotoka na OpenBSD 3.0 Desemba mwaka huohuo. Neno moja liligharimu ngome nzima ya mtandao.

Kuhusu hataza, leseni ya BSD haisemi lolote waziwazi, tofauti na Apache 2.0. Hapo ndipo wakili anapostahili kulipwa.

Jina ni suala la alama ya biashara, leseni hailigusi. UNIX ni ya The Open Group, na hupewa mfumo uliofaulu majaribio yao. MacOS inayo, FreeBSD haina. FreeBSD nayo ni alama iliyosajiliwa ya FreeBSD Foundation. Kwenye boksi andikeni kwamba kifaa kimejengwa juu ya FreeBSD, msikiite FreeBSD, na neno UNIX liondoeni kabisa kwenye brosha.