Orijino au ibadilishwe? Mi nauliza kwanza kama inatembea

Mhariri, swali lenu la wiki hii, eti mtu akifufua gari ya spoti ya zamani airudishe kama ilivyotoka kiwandani au aibadilishe anavyotaka, limenigusa penyewe. Nina Datsun 240Z, ile ya boneti ndefu, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili (ndo zinazochanganya petroli na hewa), na kila anayechungulia ndani ya boneti lazima aniambie "weka injini ya kisasa bwana, unateseka na nini". Mi ni mtu wa orijino, niliweke wazi mapema.

Ila swali lenu limeruka kitu. Hiyo gari inatembea au imefunikwa turubai? Maana kuna watu wamerudisha mpaka nati, rangi ileile, viti vilevile, alafu haiguswi, petroli inaharibikia tangini, mipira ya breki inakauka, kutu inaanza upya kwa ndani huku nje inang'aa. Huyo kwangu hana tofauti na aliyeikata kata.

Sa nieleze ya kwangu. Bodi ndo ilitutesa zaidi, maana hizi 240Z kutu inakula sakafu, inakula chini ya betri, inakula mpaka kona za chini za kioo cha mbele, unagusa na bisibisi inatokea upande wa pili. Tukamaliza, injini ikawaka freshi, lakini ukikanyaga mafuta ghafla inajikwaa kwanza ndo iende. Fundi akabadilisha plagi, akabadilisha platini na kondensa, vile vidude vya kukatakata umeme ili plagi zipige cheche, akacheza na taimingi, yaani muda wa cheche, wapi. Akatoa hukumu: ng'oa kabureta hizi, tufunge injeksheni, mfumo wa kupuliza petroli kwa presha. Nilikuwa karibu nikubali, kwa kweli nilishachoka.

Akaja mzee mmoja fundi wa zamani, hana hata spana, ana kipande cha mpira wa maji tu. Akatoa filta, akasema washa usikanyage. Ncha moja kaweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, akatulia, akahamia ya nyuma, akarudi mbele. "Kijana, hii inavuta upepo kuliko mwenzake." Kila kabureta inalisha silinda tatu, zikivuta tofauti ni kama watu wawili wamebeba kitanda halafu mmoja anakimbia. Akagusa skrubu kidogo, akasikiliza, akagusa tena, mpaka ule mlio wa shhh ukalingana kote. Akanipa mpira na mimi nisikilize, na kweli unasikia!

Nikajua tumemaliza. Akazima, akafungua kifuniko kidogo juu ya kabureta, akachomoa kile kijiti chake, kikavu kabisa, hakuna hata dalili ya oili. Mle ndani kuna pistoni inayopanda injini ikivuta, na oili kazi yake ni kuibania isipande haraka. Bila oili ukikanyaga tu inaruka juu, upepo unaingia mwingi petroli haitoshi, ndo ule mjikwao. Akatia oili nyepesi kidogo sana kote kuwili, akaisukuma pistoni kwa kidole, sasa inapanda kwa uzito, akaachia, ikashuka tok. "Haya, kanyaga." Jamani! Na mtu alitaka kung'oa kila kitu.

Kwa hiyo orijino oyee, si ndio? Tatizo mzee yuleyule wakati anafunga boneti akasema platini itupe, weka ya elektroniki mlemle ndani ya distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi, kwa nje haionekani. Nilinuna. Alafu nikaweka, na sitairudisha, inawaka asubuhi bila kuibembeleza. Na tukisema ukweli, 240Z zilizoshinda Safari Rally, ya Edgar Herrmann 1971 na ya Shekhar Mehta 1973, zilikuwa zimeandaliwa kwa ajili ya mbio, sio zilizotoka kwa muuzaji hivyo hivyo. Hakuna anayesema zile zimeharibiwa. Tena nazo zilipigwa vumbi na matope, hazikukaa chini ya turubai.

Nimeanza kuandika nikiwa mkali kuliko nilivyo sasa. Jibu langu basi: kitu unachofunga kwa spana na kesho ukikifungua gari inarudi kama zamani, weka tu, hasa breki, hapo hata sibishani, mradi kazi afanye anayejua. Ikishahitaji grainda kukata bodi, mi simo. Na wale wa kutumbukiza injini ya V8, ya silinda nane, kwenye 240Z wasinitafute, labda kama bloku ya injini imepasuka na nyingine hakuna kabisa, hapo tunaweza kuongea, ila ile ya zamani usiuze chuma chakavu, itunze.