Waulize wa Kauri: Kapasita Inayopungua, Moto Mdogo na Vidonge Vinavyobomoka

Vipimo vyote vya joto katika majibu haya ni vya Selsiasi.

SWALI: Kapasita ya kauri imeandikwa mikrofaradi 10, volti 6.3. Nikiipima mezani inasoma karibu 10, lakini nikiifunga kwenye saketi ya volti 5 inafanya kazi kama ya 4 au 5. Je, nimeuziwa feki? (Fundi wa elektroniki)

JIBU: Hapana, fundi, hiyo ndiyo tabia yake. Kinachohifadhi chaji humo ndani ni titaneti ya bariamu. Chini ya nyuzi 120 hivi, ayoni ya titani haikai katikati ya fuwele bali huegemea upande mmoja, na iko tayari kugeuka umeme unapogeuka. Kugeuka huko ndiko kunakoipa kapasita ukubwa wake. Ukiiwekea volti isiyobadilika, ayoni hulala upande mmoja na kukwama. Na tabaka la kauri ni jembamba mno: volti 5 juu ya tabaka la mikromita 1 ni sawa na volti milioni 5 kwa mita. Ndiyo maana kapasita ndogo za aina hii, zikikaribia volti zake za mwisho, hubaki na nusu au pungufu. Mita yako hupima kwa volti ndogo, hivyo hilo hailioni.

Alama ya X7R, inayoonyesha daraja la kapasita za aina hii, isikupumbaze. Inachoahidi ni kwamba kati ya nyuzi -55 na 125 thamani haitapotoka zaidi ya asilimia 15, na ahadi hiyo inatolewa bila volti ya kudumu kuwekwa. Soma mchoro wa thamani dhidi ya volti kwenye karatasi ya mtengenezaji, kisha chagua yenye umbo kubwa zaidi, kwa kuwa matabaka yake huwa manene. Kwa kazi ya kuchuja mawimbi au kupima muda tumia daraja la C0G, ambalo haliteteleki, ingawa thamani zake ni ndogo. Jambo jingine: X7R huzeeka yenyewe hata ikiwa kabatini. Ioke kwa nyuzi 150 kwa saa moja, iache saa 24, ndipo uipime. Itakuwa imerudi ilikotoka.

Watafiti wanaendelea kupunguza unene wa tabaka, na hapo kuna mtego. Matabaka huchomwa pamoja na elektrodi za nikeli kwenye hewa yenye oksijeni kidogo sana, ili nikeli isishike kutu. Uhaba huo huacha nafasi tupu za oksijeni ndani ya fuwele, na nafasi hizo husafiri polepole kuelekea upande hasi mpaka kauri ianze kuvujisha umeme. Disprosi, itri na holmi huongezwa kwa viwango vidogo ili kuchelewesha safari hiyo.

SWALI: Nimesoma kwamba kauri inaweza kushikana chini ya nyuzi 300. Je, inawezekana bila tanuri? Nianzie wapi? (Mwanafunzi wa uhandisi)

JIBU: Inawezekana, ila si kwa kila kauri. Njia hii ilitangazwa mwaka 2016 na kundi la Clive Randall katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania State. Badala ya moto mkali, unga huloweshwa kidogo na kukandamizwa kwa nguvu. Kingo za chembe huyeyuka kwenye kimiminika, kisha kile kilichoyeyuka huganda upya katika mapengo maji yanapotoka.

Anza na oksidi ya zinki, ambayo kwa kawaida huchomwa kwa nyuzi 1000 na zaidi. Chukua gramu 1 ya unga laini na gramu 0.2 za mmumunyo wa asidi ya asetiki wa mola 1 kwa lita. Saga pamoja kwenye kinu kidogo cha maabara mpaka unyevu uenee sawasawa, jaza kalibu ya chuma yenye kipenyo cha milimita 13, kisha kandamiza hadi megapaskali 350. Kwa kalibu hiyo ni karibu tani 4.7. Acha dakika 10 bila joto, ndipo uwashe mkanda wa kupashia joto unaoizunguka kalibu, upandishe joto hadi nyuzi 200 au 300, na ukae hapo nusu saa hadi saa moja. Kimiminika kikitoka, shinikizo hushuka, kwa hiyo baki karibu na pampu. Kidonge kitakuwa na unene wa milimita 1.3 hivi. Pima uzito na ujazo, linganisha na gramu 5.6 kwa sentimita ya ujazo: ukipata asilimia 95 au zaidi umefaulu.

Maji matupu hayatoshi, kwa sababu oksidi ya zinki haiyeyuki vya kutosha bila asidi. Ukipasha joto haraka kabla ya kukandamiza, maji hukimbia bila kufanya kazi na kidonge hubaki kama chaki. Kidonge kikipasuka katika matabaka kama sarafu zilizopangwa, umekitoa kikiwa bado cha moto au umeachia shinikizo kwa ghafla.

Titaneti ya bariamu ni mkaidi zaidi. Maji hunyonya bariamu na kuacha ngozi ya titani juu ya chembe, ndiyo sababu kimiminika chake hutiwa bariamu tangu mwanzo na kidonge huchomwa tena kwa nyuzi 900 hivi. Alumina (oksidi ya alumini) ni ngumu zaidi bado, maana karibu haiyeyuki. Kwa maoni yetu, manufaa makubwa hayako kwenye umeme wa tanuri unaookolewa. Yako kwenye uwezo wa kuunganisha kauri na plastiki au metali ambazo zingeungua kwenye moto wa kawaida.

SWALI: Kioo cha simu huimarishwaje? Naweza kukikata baada ya kuimarishwa? (Msomaji)

JIBU: Usikikate. Kioo huzamishwa kwa saa kadhaa katika nitreti ya potasiamu iliyoyeyuka, nyuzi 400 hadi 450. Sodiamu hutoka, potasiamu iliyo kubwa kwa theluthi moja hivi huingia, na uso hubanwa. Ukikata baadaye unafungua ukingo usiobanwa, hivyo kata na kulainisha kingo kwanza. Joto likizidi sana, mbano hulegea wenyewe. Nitreti iliyojaa sodiamu kutoka vioo vya awali hutoa kioo dhaifu. Na tone la maji au kipande cha karatasi kisiguse nitreti hiyo ya moto.

SWALI: Vidonge vyangu vya elektroliti (kauri inayopitisha ayoni za lithiamu ndani ya betri) ya lithiamu, lanthani na zirkoni, vyenye umbo la garneti, vinageuka vyeupe na kubomoka baada ya siku chache. Nilichoma nyuzi 1200 kwa saa 12, bakuli la alumina. (Mtafiti chipukizi)

JIBU: Tunashuku mambo matatu, na la kwanza lilitokea kabla ya tanuri kuwashwa. Oksidi ya lanthani hunyonya maji hewani. Ikishageuka hidroksidi yote, gramu moja unayopima ina oksidi gramu 0.86 tu. Ichome kwa nyuzi 900 usiku kucha na uipime mara ikipoa.

Pili, lithiamu huvukiza. Ongeza asilimia 10 hadi 15 juu ya kiasi cha fomula, fukia kidonge ndani ya unga wa aina ileile, na funika. Tumia bakuli la magnesia. Alumina huingiza alumini bila kipimo, wakati unahitaji atomi 0.2 hadi 0.25 tu za alumini kwa kila fomula ili umbo la mchemraba lidumu. Bila hiyo, au tantali, unapata umbo lililorefuka upande mmoja, linalopitisha ayoni mara mia hivi pungufu. Ukipima fuwele kwa eksirei zinazotolewa na shaba, kilele karibu na digrii 28.6 ni dalili ya zirkoneti ya lanthani, yaani lithiamu imepungua.

Tatu, weupe huo ni kabonati ya lithiamu inayoota kidonge kikigusana na unyevu na hewa ukaa. Ikiota ndani ya vitundu, hukipasua. Hifadhi vidonge kwenye argoni, ving'arishe, kisha vipashe nyuzi 400 hadi 500 humohumo kabla ya kubandika lithiamu. Kama maabara yenu ina vipashio vya kaboni, jaribuni pia njia ya mwaka 2020 ya kuchoma kwa takriban sekunde 10: lithiamu haipati muda wa kukimbia.